Pima Arobaini

Mzee hatumii mita. Anatumia pima: mikono ikinyooshwa kushoto na kulia, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kwenye kamba yake ya nailoni, kila baada ya pima tano kuna kitambaa kilichofungwa kwa fundo, na kwenye pima ya arobaini mafundo ni matatu, yamekaribiana kama shanga. Zamani vitambaa vile vilikuwa na rangi. Maji yamezifuta zote, na hata zingebaki zisingemfaa kitu, maana kazi yake ni ya usiku wa giza. Anahesabu kwa viganja.

Tumeondoka kwenye mwalo ulio kusini mwa Bujumbura, njia ya Rumonge, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Sasa ni saa mbili usiku. Nyuma yetu taa za mji zimepanda mlima. Mbele, ng'ambo ya maji, ni taa za Uvira. Katikati kuna mstari wa taa nyingine, nyingi kiasi cha kumfanya mgeni adhani ni mtaa. Hao ni wavuvi wenzetu.

Chombo chetu ni katamarani: mitumbwi miwili mirefu ya mbao, imewekwa sambamba na kuunganishwa kwa miti iliyokazwa kwa kamba na misumari. Kati ya mitumbwi pameachwa uwazi, na wavu hushuka na kupanda katika uwazi huo. Wavu wenyewe ni mfuko mkubwa ulioelekeza mdomo juu. Matundu yake ni madogo, kidole cha mtoto hakipiti. Mdomo una pembe nne, kila pembe ina kamba na jiwe la kuizamisha, na kila kamba ina mtu wake.

Anayetazama kwa mara ya kwanza huona kwamba kushusha wavu ni kuachia tu. Nilidhani hivyo pia. Lakini pembe moja ikitangulia, mdomo hujikunja, na wavu uliojikunja chini kule hakuna wa kwenda kuukunjua; utakesha juu yake ukidhani unavua. Ndiyo maana Mzee anashusha kwa vituo. "Tano," anasema, na watu wanne wanashika. Anapita kwenye kila kamba, anaigusa kwa vidole viwili, ananyamaza kidogo. Kamba ya tatu inamtia shaka. Anamwambia kijana anayeishika aongeze shibiri moja, anaigusa tena, anaridhika. "Kumi." Hivyo hivyo hadi mafundo matatu yapite kiganjani mwake, na muda wote huo, karibu nusu saa, hakuna aliyeinua sauti.

Kwa nini arobaini? Nilimwuliza, naye akajibu kwamba baba yake alishusha arobaini. Jibu hilo lina elimu kuliko linavyosikika. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ni Baikal peke yake linalolizidi duniani. Lakini karibu lote limekufa. Upande huu wa kaskazini, ukishuka kiasi cha mita 100 hivi, hewa inayovutwa na samaki imekwisha, na chini ya hapo hakuna samaki anayeweza kuishi. Uhai wote umebanwa kwenye ngozi nyembamba ya juu. Pima arobaini ni kama mita 73. Wavu wa Mzee umeningʼinia chini ya samaki na juu kidogo ya maji yaliyokufa, mahali pale pale ambapo mtu mwenye vipimo vya maabara angeuweka.

Kisha taa. Zamani ilikuwa karabai, taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu hadi ikawaka kwa weupe na kuunguruma. Siku hizi nyingi ni za betri, hazina sauti, na Mzee anakiri kwamba zimemwondolea kazi ya kuhangaika na upepo. Hata hivyo karabai moja ameiacha pembeni mwa mtumbwi, imefutwa vumbi. Taa zinaning'inizwa kwenye miti iliyochomoza nje ya chombo, kimo cha magoti juu ya maji, na maji yanageuka kijani. Baada ya dakika kumi unaanza kuona vumbi likicheza ndani ya mwanga. Hilo si vumbi. Ni vijidudu vya majini, na ndagala huvifuata vijidudu hivyo kwa ajili ya kula. Baadaye, ikiwa usiku ni mwema, mukeke, samaki anayewala, atawafuata ndagala. Mvuvi amewasha taa tu; waliobaki wanaitana wenyewe kwa njaa.

Sasa tunangoja, na wakati wa kungoja ndio wakati wa hadithi.

Ndagala ni samaki wa urefu wa kidole, mwenye mgongo wa kijivu na ubavu wa fedha, na maisha yake hayazidi sana mwaka mmoja. Kigoma wanamwita dagaa. Mchana hujificha kwenye kina, mbali na mwanga na mbali na meno ya mukeke. Jioni hupanda kula. Mababu walilijua hilo, na waliwasha moto wa kuni au wa matete kwenye mtumbwi mmoja na kuwachota kwa lusenga, wavu wa mpini mrefu unaofanana na upawa. Lusenga ilikuwa kazi ya mkono mmoja na jicho moja: unachota, unamwaga, unachota. Katika miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Usumbura, wavuvi wa Kigiriki walileta meli zenye nyavu za kuzungushia, na karabai ikachukua nafasi ya moto. Mwishoni mwa muongo huo ikaja katamarani ya namna hii. Katika miaka ya 1980 yakatokea makatamarani makubwa zaidi, yenye wavu mpana na taa nyingi, yakaitwa Apolo. Ni jina lile lile la vyombo vilivyowapeleka Wamarekani mwezini, na sijui kama aliyelichagua alicheka, maana mwezi ndiye adui mkubwa wa kazi hii: ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina la kumwambia samaki, na vyombo hulala pwani kwa siku kadhaa. Meli za nyavu za kuzungushia zilififia katika miaka ya 1990. Makatamarani yako hapa.

Samaki mwenyewe amesafiri kuliko wavuvi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua vifaranga kutoka ncha hii ya kaskazini na kuwapeleka Ziwa Kivu, ambako hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya maji ya wazi. Ndagala wetu hakushika kule. Aliyeshika ni ndugu yake, lumbu, mnene kidogo na mvumilivu zaidi. Leo anaitwa sambaza, na mtu wa Goma au wa Gisenyi atakuapia kwamba ni wa kwao tangu enzi. Mnamo 1967 na 1968 lumbu hao hao walichukuliwa kutoka upande wa Zambia hadi bwawa la Kariba, ambako wanaitwa kapenta. Majina matatu, sahani tatu, ziwa moja.

Mzee alisikiliza hayo yote kwa adabu, halafu akasema, "Mwanangu, hujamsifu kwa lililo kubwa. Yule anapanda na kushuka kila siku na hapasuki."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kabla ya kuwa mtu wa kamba alikuwa mzamiaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alianzisha Bujumbura biashara ya kuvua samaki wa mapambo na kuwasafirisha wakiwa hai kwa ndege. Kitabu chake kinene juu ya samaki wa ziwa hili, kilichotoka 1989, bado kimo mikononi mwa wafugaji wa samaki wa nyumbani duniani kote, na samaki mmoja mdogo wa hapa, ambaye wafugaji hao humwita binti mfalme wa Burundi, ana jina lake la kisayansi: Max Poll alimwita brichardi mwaka 1974. Biashara hiyo ilihitaji vijana wenye vifua. Mzee alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo katika miaka ya 1980, kwenye miamba ya kusini, kuanzia Magara kwenda mbele. Karibu na mji hakufai. Rusizi humwaga matope, na samaki wa mapambo wanapenda mawe.

Nikamwomba anifundishe kuzamia, pale pale juu ya mtumbwi, na alifundisha kama anavyoshusha wavu, kwa vituo. Kwanza masikio. Kabla hayajauma unabana pua na kupuliza taratibu mpaka yafunguke, na unafanya hivyo tena kila baada ya mita moja au mbili; aliyengoja maumivu amechelewa. Pili pumzi. Ukishaanza kuvuta hewa ya mtungi, usiibane kifuani kamwe, hasa ukipanda. Tatu kupanda kwenyewe: usizidi mita tisa kwa dakika, na ukifika mita tano simama, kaa dakika tatu, tazama mawe.

Sababu yake ni hesabu ya kawaida. Hewa iliyofinywa na maji hutanuka uzito ukipungua. Baharini, hewa ya mita 30 hutanuka mara nne ifikapo juu. Hapa ni zaidi kidogo, kwa kuwa uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari na hewa ya juu yake ni nyepesi. Majedwali ya wazamiaji wa Mombasa au Zanzibar hayatumiki hapa bila kusahihishwa. Mzee hakuwahi kupewa jedwali. Aliambiwa asipande haraka kuliko mapovu yake madogo, na alilishika hilo.

Lakini ustadi wenyewe ulikuwa katika kumpandisha samaki. Samaki wa miambani ana kibofu cha hewa tumboni, na kibofu hicho kimefungwa. Ukimtoa mita 30 na kumfikisha juu kwa dakika tatu, hewa hutanuka, utumbo hutokea mdomoni, anaelea tumbo juu. Kwa hiyo wazamiaji walimzungushia jiwe wavu laini kama chandarua, wakamtoa samaki kwa kijiti na kwa subira, wakamtia kwenye kizimba, na kizimba wakakifunga kwenye kamba yenye chelezo. Kisha wakaenda nyumbani. Kesho yake kizimba kilipandishwa kutoka mita 30 hadi 18. Siku ya pili, hadi 10. Siku ya tatu, hadi nne. Siku ya nne, juu.

Nilizitazama namba hizo baadaye nikiwa na kalamu. Hatua zake ni mita 12, kisha nane, kisha sita, kisha nne, na katika kila hatua shinikizo lote linalomkaba samaki, la maji na la hewa pamoja, hupungua kwa karibu asilimia 30, ile ile. Mita nne za mwisho zina uzito sawa na 12 za mwanzo. Kwa samaki mmoja wa kuuzwa Ulaya, mtu alizama siku nne ili kusogeza fundo.

"Ndagala hana shida hiyo," Mzee alisema. Ni kweli. Kibofu chake kina mrija unaofunguka kwenye njia ya chakula. Hewa ikizidi, anaitoa. Ndiyo maana anaweza kupanda makumi ya mita kila jioni na kurudi kabla ya alfajiri bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Saa sita kasoro akasimama. Sikuona kilichomsimamisha. Juu ya maji palikuwa na sauti kama ya manyunyu kwenye majani ya mgomba, na mwanga ulikuwa umejaa vipande vya fedha vinavyozunguka upande mmoja. Akaashiria taa za nje zizimwe, moja moja, kuanzia za mbali. Mduara wa fedha ukajikusanya, ukaja juu ya uwazi ulio kati ya mitumbwi. Ikabaki taa moja.

"Kamba ya wavu ni kinyume cha kamba ya kizimba," alininong'oneza. Chini kabisa unavuta polepole, kwa sababu samaki akishtuka hukimbilia kina, na kina kiko mdomoni mwa wavu. Akiuona unakuja kwa fujo atapita pembeni. Watu wanne wakavuta mkono kwa mkono, bila kugonga ubao, mafundo yakirudi moja moja. Thelathini na tano. Thelathini. Vijana walihema kwa pua. Kwenye kumi Mzee akasema neno moja la Kirundi nililolikosa, na mikono yote ikabadilika mwendo: kamba zikaanza kumwagika miguuni, miti ikalia, maji yakachemka, na mdomo wa wavu ukatoka nje ukiwa umenyooka pembe zote nne kama meza.

Hapo ndipo nilipoelewa zile shibiri za jioni.

Usiku huo waliuvuta mara tatu. Mara ya pili ilileta kidogo, na hakuna aliyelalamika. Alfajiri, tukirudi, Mzee aliwachambua kwa kuwagusa tu: ndagala huku, lumbu huku, nyamunyamu, yaani watoto wa mukeke, pembeni kwa masikitiko kidogo, na mukeke wakubwa watano juu ya majani. Hao watano wataishia kwenye mkaa, pamoja na ndizi, kwenye meza za pwani ambazo mimi na wewe tunalipia. Kazi kubwa imo kwenye hao wadogo, na inabadili mikono.

Mama anayewapokea mwaloni hununua kwa beseni. Analinusa, anatia mkono hadi chini ya beseni, maana juu kila beseni ni zuri, kisha anataja bei yake na hairudii. Anawaosha kwa maji ya ziwa mara mbili. Halafu anawatandaza kwenye vichanja: miguu ya mti, kimo cha mita moja hivi, na juu wavu wa chuma. Zamani walianikwa mchangani, na mlaji wa ndagala wa umri wangu anajua kusaga mchanga kwa meno. FAO ilipopeleka vichanja kwenye mialo ya kusini kama Mvugo, kazi ya siku tatu mchangani ikawa kazi ya siku moja ya jua, kwa kuwa upepo sasa unapita chini pia.

Kutandaza kwake ni kunyunyiza: kiganja kinageuka, vidole vinaachia, na samaki wanaanguka mmoja mmoja, hakuna aliyemlalia mwenzake. Nilijaribu. Nilipata marundo. Alinisukuma kwa kiwiko, bila hasira, akayatengua. Saa nne anawageuza kwa mkono wazi, kama anayepangusa meza. Saa saba anawageuza tena, na safari hii wanatoa sauti ya makaratasi. Kunguru wana mtoto wao wa kuwafukuza, mwenye kijiti na kiburi. Mvua ndiyo isiyofukuzika. Wingu likitokea upande wa milima, wanawake wote wa mwalo wanakimbia pamoja na maturubai, na beseni lililolowa mara mbili hukaangwa haraka au hupotea. Kilo tatu au nne za mbichi hutoa kilo moja kavu. Na hapo lugha yetu yenyewe hugeuka bila kutuuliza: asubuhi Mama alikuwa anasema "hawa", jioni anasema "hizi".

Ziwa linatoa kidogo kuliko zamani. Maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na watafiti walikwisha kuonya juu ya hilo mwaka 2003. Nyavu nazo zimeongezeka. Nchi za ziwa zimekubaliana kulifunga miezi mitatu kila mwaka, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mama hakupinga. Alisema tu kwamba hiyo ndiyo miezi ya jua zuri, isiyo na mvua hata tone, na vichanja vitakaa vitupu chini yake. Mzee hutumia miezi hiyo kushona wavu na kufunga vitambaa vipya kwenye kamba.

Ukipita Buyenzi au soko lolote la Bujumbura ukitaka ndagala za kupikia na mawese, kitunguu na nyanya, usichukue ya juu ya fungu. Chukua moja ya katikati, ivunje. Ikilia, nunua. Ikikunjika, irudishe taratibu ilipokuwa, na mwambie Mama utapita kesho.